Mohamed Watatu, Rafu Moja

Katika kituo chetu cha vijana kuna rafu moja ya riwaya. Aliyeipanga aliweka vitabu vitatu pamoja, akabandika karatasi: MOHAMED. Vijana wakaamini mwandishi ni mmoja. Binti mmoja akaniuliza, "Kaka, mbona huyu mzee hapa anatuchezesha fumbo, na hapa anatuliza?"

Kumbe ni Wazanzibari watatu. Mohamed Said Abdulla aliandika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed aliandika Utengano (1980). Tena huyu wa tatu jina lake hasa ni Said. Kwa desturi ya kwao, jina lako linafuatwa na la baba, kisha la babu. Fomu ikilazimisha "jina la ukoo", babu ndiye anayeitwa na mjukuu anapotea.

Basi tumsome kila mmoja kivyake. Kwa Abdulla, mtu ameuawa na watu wanaogopa mizimu. Bwana Msa, na kiko chake, anatafuta alama na sababu. Ni kitabu kitamu, hukiweki chini. Ila wahusika wengi ni vipande vya fumbo tu. Ukishamjua muuaji, huna hamu ya kurudi kwao.

Said anaandika kwa hasira. Katika Utengano, Bwana Maksuudi, mwanasiasa mwenye heshima zake mtaani, anamfungia binti yake Maimuna ndani. Maimuna anatoka bila kuijua dunia, na dunia inamla. Nampenda mwandishi kwa kumvua yule baba nguo mbele za watu. Lakini mateso ya Maimuna yanarundikana mno, mpaka unahisi anapigwa ili sisi tufundishwe.

Kwangu mimi Nyota ya Rehema ndiyo kubwa kuliko zote. Rehema anazaliwa mweusi, na Fuad, baba yake, anamkataa kwa rangi ya ngozi yake. Mwandishi hapigi kelele. Anamwacha Rehema akue, aondoke, apendwe na Sulubu mkulima, na bado lile swali linamfuata: wewe ni wa nani, na hapa pana haki gani yako?

Kundini kwetu tuna vijana wawili wenye jina moja. Mmoja aliitwa kwenye mafunzo ya ufundi, akaenda mwingine. Hakuiba, aliitikia jina lake. Yule mwenye nafasi alikaa nyumbani muhula mzima, na alipouliza akajibiwa, "Wewe ulishahudhuria." Tuliposoma habari za Fuad, huyo kijana alisema, "Huyu dada namjua," kisha akanyamaza. Hakuna somo nililowahi kufundisha lililofika pale.

Ndugu zetu wa mashirika, namba ya kadi inasaidia, sikatai. Ila mkiita jina, ongezeni la baba na la babu, kisha mtazameni mtu usoni. Nasi wasomaji tuache kusema "nimeshamsoma Mohamed." Umemsoma yupi?

Ile karatasi nimeibandua. Sasa ziko tatu, kila moja na majina matatu. Jumamosi tunaanza Utengano. Najua wengi mtanipinga kuhusu Maimuna. Njooni tu, tubishane.