Ratiba ya 2021 iliyoiruka Butembo

Mliofuatilia msafara wa kibiashara wa Kenya nchini Kongo mwishoni mwa 2021, ule wa benki ya Equity Group na serikali ya Nairobi, mnakumbuka vituo vyake: Kinshasa, Lubumbashi, Goma, Mbuji-Mayi. Siku 15, miji minne, na Butembo, mji wa wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini, haumo. Kosa hilo halina utetezi.

Mengine yalikwenda vizuri: benki ilijua soko, wakubwa walifungua milango, na Machi 2022 Kongo ikakubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Turudi kwenye ratiba. Aliyeichora aliona Goma inatosha kuisemea Kivu Kaskazini nzima. Goma wakati huo ilikuwa makao makuu ya jimbo, yenye uwanja wa ndege na hoteli kando ya ziwa, na mimi siku zote nimekuwa na shaka na biashara inayoanzia kwenye ukumbi wa hoteli. Konteina inayotoka Mombasa kuja Butembo haina shughuli na Goma. Inakatiza Uganda, inapita Kasese, inafika Mpondwe na kuvuka hadi Kasindi. Pale makaratasi yanatoka DGDA (forodha) yanaingia OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa) huku dereva akisubiri chini ya trela lake. Akiruhusiwa, zimebaki kilomita 80 hadi Beni na 54 hadi Butembo. Mkenya anayeuza saruji au mafuta ya kupikia angejifunza mengi zaidi kwa asubuhi moja kwenye barieri ile kuliko kwenye hotuba zote za Goma.

Sasa mtazame mfanyabiashara wa Butembo aliyetaka kukutana na wageni hao. Kwa barabara: Lubero, Kirumba, Kayna, Kanyabayonga, ateremke mteremko wa Kabasha, akate mbuga hadi Rwindi, Kiwanja, Rutshuru, ndipo Goma. Ni karibu kilomita 300, na mvua ikinyesha malori yanalala kwenye tope. Au apande ndege kwa gharama zake. Muuzaji kashuka mahali ambapo mnunuzi hayupo, kisha tunaambiwa ni kutafuta fursa.

Najua jibu: usalama. Ni kweli, hali ya dharura ilikuwa ikitumika jimboni tangu 6 Mei 2021, waasi wa ADF walikuwa wanaua watu Beni, na tarehe 30 Novemba, msafara ukiwa ndio umeanza, jeshi la Uganda likaanza kuwashambulia waasi hao. Sawa, msiwapeleke wageni Beni. Lakini Kasese iko upande wa pili wa mpaka, ina hoteli (kama lazima hoteli iwepo), na watu wa Butembo wangefika. Siku moja tu ingetosha. Siku zilipatikana kwa ajili ya Mbuji-Mayi, nyumbani kwa ukoo wa rais wa Kongo. Msomaji ajumlishe mwenyewe.

Wazee wetu wa Butembo hawakungoja msafara. Walikwenda Dubai, Jakarta na Guangzhou bila waziri wa kuwatangulia, wakarudi na konteina, wakajenga mji ambao serikali iliusahau. Askofu Emmanuel Kataliko alihimiza watu watengeneze barabara kwa mikono yao, na mwaka 1989 akaanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Hakuandaa kongamano la wawekezaji hata moja. Alijua njia ikipitika, mfanyabiashara atakuja mwenyewe.

Tangu 28 Juni 2024 Kanyabayonga imo mikononi mwa waasi wa M23, na Goma yenyewe ikaangukia kwao Januari 2025. Hata aliyekuwa tayari kuteremka Kabasha kwenda kumtafuta mgeni, njia hiyo hana tena. Mlango wa Butembo kuelekea bahari ni Kasindi. Waandaaji wa Nairobi, mkichora ratiba nyingine, anzieni hapo.