Shingo Iliyochoka

Gitaa la nyuzi kumi na mbili hujivunja lenyewe, polepole. Likikazwa hadi sauti ya kawaida, nyuzi zake huvuta kwa uzito unaozidi kilo 100, usiku na mchana, hata likiwa limetundikwa ukutani bila mpigaji. Miaka ikipita, kifua chake huvimba, shingo huinama mbele, na nyuzi hupanda juu ya freti mpaka kuzibana ni adhabu kwa vidole.

Chukua Stella, gitaa la kampuni ya Oscar Schmidt ya Jersey City, Marekani, la mwanzoni mwa karne ya 20. Lilikuwa gitaa la bei rahisi, na mbao zake ziliimarishwa kwa ndani na vijiti vilivyolazwa kama vipago vya ngazi. Hilo ndilo alilopiga mwanamuziki wa blues Huddie Ledbetter, yaani Lead Belly, na pia Blind Willie McTell wa Georgia. Leo mafundi hulishika kama yai.

Kwanza fundi halifungui, hulitazama. Hulaza rula ndefu juu ya freti na kuona ncha inagota wapi kwenye daraja. Ikigota chini sana, shingo imechoka na lazima itoke. Hung'oa freti moja karibu na kiungo, hutoboa tundu dogo katika mfuo wake, kisha hupenyeza mvuke na kungoja. Gundi ya kale ilichemshwa kutokana na ngozi za wanyama, nayo husalimu amri kwa joto na unyevu. Shingo ikilegea, hunyoa kisigino chake kwa patasi, unga kwa unga. Hujaribu, hutoa, hunyoa tena. Unyoaji mwembamba kama karatasi pale kisiginoni huhamisha nyuzi kule mbele, na ukizidisha hakuna wa kukurudishia mti. Mwishoni hupaka gundi ileile ya ngozi, ili fundi wa miaka hamsini ijayo naye aweze kufungua. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Kulipiga nako kuna kazi yake. Nyuzi hukaa jozi sita: katika jozi mbili za juu kabisa kwa sauti, nyuzi za kila jozi hulingana; katika nne za chini kila uzi mnene una mwenzake mwembamba anayeimba oktavu moja juu. Dole gumba likishuka hugusa kwanza ule mwembamba, kisha mnene, na besi hutoka na kivuli chake. (Wapiga rumba wa Kongo waliionja ladha jirani na hii walipoweka uzi mwembamba mahali pa uzi wa nne, mtindo wanaouita mi-composé.) Kutuni ni nusu ya maisha ya mpigaji, na uzi mwembamba wa jozi ya tatu ndio hukatika mara nyingi kuliko wote.

Lead Belly alilishusha gitaa lake chini sana ya sauti ya kawaida, likanguruma kama piano ya kilabuni. Nawe ukilipata la kale usilikaze kwa pupa. Lishushe toni nzima, funga kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya pili, upige.