Mtafitiwa au Mtafiti Mwenza?

Mwaka 2021 wachapishaji James Currey walitoa kitabu kiitwacho Sacred Queer Stories, kazi ya Adriaan van Klinken na Johanna Stiebert wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Kinahusu wakimbizi wa Uganda waishio Nairobi, waliokimbia kwao kwa sababu ya jinsia au mapenzi yao. Hao hawakuhojiwa tu. Walisimulia maisha yao, wakasoma Biblia pamoja na watafiti, kisha wakaigeuza michezo: Danieli katika tundu la simba akawa mmoja wao, na mahali pa mwanamke aliyefumaniwa wakawekwa vijana wanaume walioshtakiwa. Sikusudii kuhakiki theolojia yake. Ninalohakiki ni Kiswahili tutakachotumia siku tutakapotakiwa kufasiri kazi za namna hii, kwani baadhi ya istilahi tulizozizoea zinaisaliti.

Tuanze na mtafitiwa. Kisarufi neno hili halina kosa. Lakini kauli ya kutendwa humweka mtu mahali ambapo tendo la mwingine linatua. Aliyechagua kisa, akagawa nafasi za wahusika na kuamua simba ni nani, hawezi kuitwa mtafitiwa ila kwa uvivu wa mfasiri. Mhojiwa lina kasoro ile ile. Mtoa habari ni afadhali, ingawa nalo humfanya mpelekaji wa mali ghafi ambayo wengine wataifikiria. Napendekeza mtafiti mwenza. Na kwa aliyechangia kidogo, mshiriki.

Hata hivyo neno hili lisigawiwe kama bahashishi. Jalada la kitabu chenyewe lina funzo. Majina ya wanachuoni wawili yameunganishwa kwa neno la Kiingereza liunganishalo walio sawa. Majina mawili ya upande wa wakimbizi yamefuata kwa neno jingine, lile la kufuatana. Kiswahili kina na kwa yote mawili! Mfasiri akiandika na tupu, amewalinganisha wanne ambao jalada limewatenga. Akiandika kwa kushirikiana na, ameitunza ngazi ile. Kwa maoni yangu aandike la pili, maana si kazi ya mfasiri kutoa haki ambayo mwandishi hakuitoa. Wala asimwite mtafiti mwenza mtu ambaye jina lake halionekani popote kwa hiari ya wengine. Aliyelificha kwa usalama wake ni jambo jingine.

Wapo watakaosema dhana hii ni ngeni kwetu. Si kweli. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 katika wilaya ya Bagamoyo kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ambamo Marja-Liisa Swantz alikuwa nguzo, ulifanya utafiti shirikishi. Na jina lake ni la Kiswahili. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwashirikisha wanakijiji kuchunguza matatizo yao kwa ngoma na michezo. Kwa hiyo mazoezi ya ubunifu, tafsiri sisisi inayoanza kuzagaa, haina sababu ya kuwapo: mazoezi ni ya askari na wanamichezo. Tuseme utafiti kwa njia ya sanaa.

Neno mkimbizi ni gumu zaidi. Kama mlezi na mjuzi, humtaja mtu kwa tendo lililokuwa kazi au hali yake ya kudumu. Hapa Runzewe, wilayani Bukombe, kwenye barabara iendayo Rusumo, watu wengi wamehamia kwa ajili ya dhahabu, lakini sijasikia wakiitwa wahamiaji. Wanaitwa wachimbaji, kwa kazi waifanyayo. Aliyevuka mpaka wa Burundi huitwa kwa kukimbia kwake hata akikaa miaka ishirini akilima. Neno mkimbizi lina nguvu ya kisheria, nasi hatuna budi kulitunza katika hati. Lakini katika maelezo ya utafiti, anayetunga mchezo aitwe mtunzi.

Limebaki lile neno la Kiingereza lililomo katika jina la kitabu, ambalo lilikuwa tusi kabla ya watukanwa kulitwaa. Kiswahili hakina tusi lililokwisha kutwaliwa hivyo na kukubalika kwa wote. Shoga lingali neno la wanawake marafiki huko pwani, na kwingineko ni dharau. Wapenzi wa jinsia moja ni la heshima, lakini linawaacha nje waliobadili jinsia. Waganda wenyewe wana kuchu, nami sioni ubaya wa kulikopa wanapotajwa wao, likifafanuliwa mara moja.

Suala hili si la kamusi tu. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria kali dhidi ya watu hawa, na mmoja wao anapoomba hifadhi, maneno yake humfikia ofisa kupitia kinywa cha mkalimani. Mkalimani atakayesema msenge amekwisha kumhukumu kabla ofisa hajafungua jalada. Aulizwe mwombaji anajiitaje, na neno lake liandikwe kama alivyolitamka, ufafanuzi ukifuata.