Sifa za Mtafuta Spea

Katika gereji ya pikipiki sifa humwendea anayeshika spana. Ndiye anayeonekana: injini imefunguliwa juu ya gunia, mikono imejaa oili, wapita njia wamesimama kumtazama. Yule aliyezunguka kuitafuta spea, akaipata, akarudi nayo akiwa na hakika kwamba itaingia, huchukuliwa kama mtoto aliyetumwa dukani. Naona hapo tumegeuza mambo. Kwa pikipiki mpya mtazamo huo unaweza kupita, maana spea zake ziko kila duka. Kwa pikipiki kongwe, na zaidi kwa pikipiki ya spoti ya zamani ambayo kiwanda chake kiliacha siku nyingi kuitolea vipuri, kutafuta spea ndiko ufundi wenyewe. Kufungua na kufunga boliti kunafuata. Nausifu ufundi huo kwa sababu unamtaka mtu ajue, kwa kila kipande cha mashine, wapi lazima kiwe kile kile na wapi kingine kitafaa sawasawa, au hata kuzidi.

Mahali pazuri pa kuupima ni Bugarama, pembe ya kusini magharibi ya Rwanda, kwenye bonde la mto Rusizi. Ni nchi tambarare yenye joto, ya mashamba ya mpunga na ya kiwanda cha saruji cha CIMERWA kilichoanza mwaka 1984, na mto wenyewe, kwenye mita zipatazo 950 juu ya usawa wa bahari, ndio sehemu ya chini kabisa ya Rwanda. Ukivuka mto Ruhwa uko Burundi. Ukivuka kwenda Kamanyola uko Kongo. Kiswahili kilikuwa hapa kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kwa sababu ndicho cha sokoni pande zote tatu. Bujumbura iko chini ya kilomita mia moja. Kigali ni zaidi ya mia mbili, kwa barabara inayopita msitu wa Nyungwe. Kwa hiyo mtafuta spea wa Bugarama ana ramani yake: mji wa Kamembe kwanza, halafu Gatsata jijini Kigali penye gereji na maduka ya vipuri, ng'ambo kuna Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura unaojulikana kwa mafundi na wauza spea, upande wa Kongo kuna Uvira na Bukavu. Ramani hiyo haitulii. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, Buyenzi iliyokuwa jirani ikawa mbali kuliko Kigali. Aliyekuwa anajua duka moja tu alikwama. Anayejua kinachotafutwa ni nini hasa, kwa kipimo, hukipata kwa njia yoyote iliyobaki wazi.

Chukua beringi ya gurudumu. Mwenye pikipiki huingia dukani akataja aina ya pikipiki na mwaka wake, na muuzaji humjibu kwamba pikipiki hiyo haijulikani huku. Mtafuta spea haanzi na jina. Huichukua beringi iliyotolewa, huipangusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo, huigeuzageuza kwenye mwanga mpaka maandishi yatokee kwenye ukingo wa chuma au juu ya kifuniko cha mpira: 6202, tuseme, kisha 2RS. Hapo jina la pikipiki limekwisha kazi. 6202 ni tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 35, unene 11, na ndivyo ilivyo iwe imetengenezwa Japani, Sweden au China, iwe imekaa kwenye pikipiki, pampu ya maji au mota ya kinu cha kusaga. 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12. Kuanzia 04, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano zinakupa tundu: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25. Herufi zinazofuata zina habari pia. 2RS imezibwa kwa mpira pande zote mbili, kwa hiyo vumbi la saruji na tope la shamba la mpunga haviingii upesi. ZZ imezibwa kwa bati, ambalo hupunguza mchanga lakini halizuii maji. C3 ina nafasi zaidi kidogo ndani, kwa mahali penye joto kali. Anayesoma herufi hizi ana maduka mengi kuliko mwenzake, kwa kuwa hata muuza pampu ni muuza spea wake. Oili sili nayo imeandikwa vipimo vyake: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Vikifutika, vernia inatosha, ila mjuzi hupima shafti na tundu inamokaa sili, wala hapimi sili kuukuu, kwa sababu mpira uliozeeka hubadilika umbo.

Cheni ina fundisho gumu zaidi, la vitu vinavyofanana nusu. Cheni za 520, 525 na 530 zote zina milimita 15.875 kutoka pini hadi pini; zinapotofautiana ni kwenye upana. Kwa hiyo mwenye pikipiki ya spoti iliyotoka kiwandani na 530, nzito na adimu katika maduka yetu, anaweza kuhamia 520 iliyo nyepesi, mradi abadilishe sproketi zote mbili kwa pamoja na aulize kama cheni hiyo imetengenezwa kuhimili nguvu za injini yake. Lakini 428, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za abiria, ina milimita 12.7 kati ya pini na pini, na kwenye meno ya 520 haitakaa kamwe, hata muuzaji akiapa. Sproketi zenyewe ndizo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuibadilisha tabia ya pikipiki. Meno 15 mbele na 42 nyuma ni uwiano wa 2.8. Weka 14 mbele, uwiano unakuwa 3.0: msukumo kwenye gurudumu umeongezeka kwa karibu asilimia saba, na kasi kwa mzunguko ule ule wa injini imepungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa anayepanda kutoka bondeni kuelekea Kamembe na gunia la mchele nyuma, jino moja limempa nguvu aliyodhani ataipata kwa kununua injini kubwa.

Ushahidi ulio mzito zaidi kwangu ni pistoni. Honda CG125, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1976, ilikuwa na injini rahisi na ngumu kiasi kwamba viwanda vingi vya China viliinakili, na nakala hizo zimejaa Afrika nzima. Pistoni yake ni ya milimita 56.5. Aliye na CG kongwe akiuliza spea kwa jina la kiwanda anaweza kurudi mikono mitupu. Akiuliza kwa kipenyo, akapima pini na urefu kutoka pini hadi utosini, atawekewa mezani nyingi, na kwenye utosi wa pistoni za ovasaizi atakuta namba ndogo imegongwa: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Sasa tazama mfuatano wa kazi. Silinda iliyochakaa haikerezwi kwanza, halafu pistoni ikatafutwa. Pistoni hutafutwa kwanza, hupimwa ikiwa mkononi, kisha silinda hukerezwa kwa kuifuata. Anayekereza kabla ya kupata pistoni huenda akabaki na tundu lisilo na pistoni popote duniani. Aliyepata spea ndiye aliyemwambia mwenye mashine akate kiasi gani. Sioni tunavyoweza kuendelea kumwita mtoto wa kutumwa dukani.

Katika kabureta ujuzi huu unatoka kwenye kipande na kuingia kwenye nchi yenyewe. Hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia kumi kwa kila mita elfu moja unazopanda. Pikipiki iliyotuniwa vizuri Bugarama, ikifika Nyungwe ambako barabara inapita juu ya mita 2,000, inapata petroli ile ile kwa hewa haba, na plagi inarudi nyeusi kwa masizi. Wauzaji wa jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, husema kubwa ndiyo nguvu. Mtafuta spea huuliza kwanza pikipiki inalala wapi na inafanya kazi wapi. Na akienda kununua plagi ya baridi au ya moto zaidi, anajua mtego uliomo: kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion namba ikipanda ni ya moto zaidi. Mtu anaweza kuunguza pistoni kwa kudhani namba zote zinasema lugha moja.

Watasema: yote haya ni kuhalalisha spea za kubahatisha, wakati maisha ya abiria yako nyuma ya dereva, inunuliwe ya orijino au pikipiki isimame. Nusu ya hoja hiyo naikubali bila masharti. Breki haina nafasi ya kubahatisha. Oili ya breki ya DOT 4 haichanganywi na DOT 5 ya silikoni, hata kama chupa zinafanana. Tairi ina tarakimu nne ubavuni, 2319 ikiwa ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi iliyokaa juani dukani kwa miaka si mpya hata kama haijawahi kugusa lami. Lakini anayezijua namba hizo na kuikataa tairi hiyo ni nani, kama si mtafuta spea? Ujuzi unaomruhusu kusema hii itaingia ndio unaompa haki ya kusema hii sitaifunga. Beringi ya bandia hudanganya walio wengi kwa sababu wanatazama jina kwenye boksi; yeye hutazama uchapaji wa namba, huizungusha kwa kidole na kusikiliza, huuliza mbona bei imeshuka hivyo. Nusu nyingine ya hoja siikubali. Viwanda vya pikipiki kwa kawaida havitengenezi beringi, plagi wala cheni zao; hununua kwa wengine, na kabureta nyingi za Kijapani zimeandikwa Mikuni au Keihin waziwazi. Boksi la orijino mara nyingi lina kipande cha mtengenezaji yule yule kwa bei ya juu zaidi. Na amri kwamba pikipiki isimame, kwa motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayelisha watoto kwa gurudumu hilo, haijibu swali alilouliza.

Wengine wanaona kuboresha pikipiki kongwe ni fahari ya vijana. Nawakumbusha Burt Munro wa New Zealand. Alinunua Indian Scout mwaka 1920, pikipiki ambayo kasi yake ya juu haikuzidi sana kilomita 90 kwa saa. Kwa miongo aliibadilisha kipande kwa kipande: pistoni alizimimina mwenyewe, konrodi alizichonga kwa chuma cha ekseli ya trekta. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, aliiendesha kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, kwa karibu kilomita 296 kwa saa, rekodi ya daraja lake. Kilichonivutia ni ile ekseli kuliko kasi. Mtu alikitazama chuma cha trekta akajua kwamba kina sifa zinazotakiwa na kipande cha ndani ya injini ya mbio. Ni jicho lile lile linaloiona beringi ya gurudumu kwenye rafu ya muuza pampu, ila limefika mbali zaidi.

Limebaki swali la umeme, na ndilo zito. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria jijini Kigali haisajiliwi isipokuwa ya umeme. Ni uamuzi wenye faida kwa hewa ya jiji, na siuombolezi. Wanaosema umeukomesha ufundi huu hawajazifungua pikipiki hizo: magurudumu yake yanazunguka juu ya beringi zenye namba, foko zake zina sili zenye vipimo, breki zake zinalika. Kilichobadilika ni kwamba moyo wa mashine umefungwa. Betri, katika mpango kama wa kampuni ya Ampersand iliyoanza biashara Kigali mwaka 2019, hubadilishwa kituoni na hubaki mali ya kampuni. Kontrola inatii programu ambayo fundi wa nje haioni. Mtafuta spea hawezi kufananisha kitu kisichosema vipimo vyake. Miaka kumi na tano kutoka sasa pikipiki hizi zitakuwa kongwe, zitashuka bondeni kama zilivyoshuka za petroli, na mtu wa Bugarama atataka kontrola ya volti na ampea fulani, yenye plagi za nyaya za namna fulani, kutoka Kigali, Bujumbura au Bukavu, popote mpaka utakapokuwa wazi. Ataipata iwapo watengenezaji watalazimishwa kuchapa namba hizo juu ya kifaa na kuiweka michoro yake mikononi mwa mafundi, na masharti hayo ni rahisi kuyaandika sasa, kampuni zikiwa bado zinaomba vibali na maeneo ya vituo.