Watu wa telekomandi, gari la umeme na kobalti yetu

Bandugu, kuko hadithi moja ambayo watu wa telekomandi wanapenda kuisimulia, na leo nataka kuipima. Watu wa telekomandi ni wale watu wazima wa Marekani, Ulaya na Asia ambao mwisho wa juma wanarusha ndege ndogo na kukimbiza vigari kwa kuviongoza kwa redio. Musiwacheke. Kuhusu batri wanajua mambo ambayo wengi wetu wenye diplome ya umeme tunayajua paka kwenye karatasi. Hadithi yao inasema hivi: gari la umeme la leo halikuzaliwa katika kiwanda kikubwa, lilizaliwa kwetu, mu gereji, katikati ya ndege za kuchezea.

Sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni kweli, na ni lazima tuwape haki yao kwanza. Paul MacCready, alipokuwa kijana, alikuwa bingwa wa ndege ndogo. Mwaka 1977 ndege yake Gossamer Condor iliruka kwa nguvu ya miguu ya mtu peke yake. Kampuni yake, AeroVironment, ilisaidia General Motors kutengeneza Sunraycer, gari la jua lililoshinda mbio za Australia mwaka 1987, halafu Impact, gari la umeme lililoonyeshwa Los Angeles Januari 1990 na ambalo baadaye likawa EV1. Injinia aliyechora mitambo ya umeme ya Impact aliitwa Alan Cocconi, naye vilevile mpenzi wa ndege ndogo. Mwaka 1992 alianzisha pamoja na wenzake kampuni ya AC Propulsion, na kutoka huko likatoka gari dogo la mbio, tzero.

Mwanzoni tzero ilibeba batri za risasi na asidi, ndugu za zile za lori, nzito sawa mawe. Mwaka 2003 wakazitoa. Fasi yake wakaweka seli za lithiamu karibu 6,800, zile ndogo za ordinateri ya kubeba, milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Gari likapunguza zaidi ya kilo 200, na safari yake ikafika karibu kilomita 480 kwa chaji moja. Martin Eberhard aliliendesha gari hilo, na Tesla Roadster iliyotoka mwaka 2008 ilikuwa na seli 6,831 za aina ileile.

Kwa nini wazo hilo litoke kwa mtu wa ndege ndogo, lisitoke kwa kiwanda cha magari? Juu kwenye ndege ndogo uzito ni kila kitu. Gramu 50 za ziada na haipandi. Mtu wa telekomandi anashika seli mkononi, anaipima, anaichaji, anaimaliza, anaandika namba, anaanza tena. Akiichaji vibaya inavimba sawa mukate, ao inawaka mbele ya macho yake. Hajui batri kwa kusikia. Mwaka 2005 Cocconi yule yule alirusha SoLong, ndege ya jua yenye seli za lithiamu, ikakaa angani zaidi ya saa 48. Hiyo si michezo ya mtoto.

Lakini sasa njo hadithi inaanza kuchechemea.

Neno « gereji » linaficha mambo mingi. Baba yake Cocconi ni Giuseppe Cocconi, mwanafizikia wa CERN, ambaye mwaka 1959 aliandika pamoja na Philip Morrison makala maarufu ya kutafuta ishara za redio kutoka nyota zingine. Mama yake, Vanna Tongiorgi, alikuwa mwanafizikia pia. Yeye mwenyewe alisoma Caltech. Gereji hiyo ilikuwa na maktaba ndani, na makuta ya General Motors nyuma yake. Na seli zenyewe? Kemia yake ilipatikana Oxford mwaka 1980 katika maabara ya John Goodenough, Sony wakaanza kuziuza mwaka 1991, halafu kamera na ordinateri za dunia nzima zikazishusha bei kwa miaka 10 na zaidi. Mutu wa gereji alikuta meza imekwisha kuandaliwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuona kwamba chakula kile kinaliwa na gari pia. Ni kazi kweli, mimi siipunguzi. Ila tunapowasimulia wadogo zetu kwamba « walianza bila kitu », tunawadanganya.

Jambo la pili ni namna wanavyohukumu magari ya umeme ya leo. Wanayahukumu kwa sheria ya kiwanja chao. Kwao batri nzuri ni ile inayotoa nguvu mingi kwa mara moja, na wanaipima kwa herufi C. Pakiti ya mAh 5,000 iliyoandikwa 50C inaahidi ampea 250. Ninasema inaahidi, sababu wao wenyewe wanajua kwamba namba hizo za karatasi mara nyingi ni za kuuzia. Ukichukua Roadster ya kwanza, kilowati 185 za mota kwa batri ya kilowati-saa 53, unapata kama 3.5C tu. Mutu wa vigari anacheka: hiyo batri imelala! Haijalala. Pakiti yake yeye ikimaliza mizunguko 200 ao 300 anashukuru Mungu, anaitupa, ananunua ingine. Gari linatakiwa kuvumilia mizunguko zaidi ya 1,000, kwenye baridi na kwenye joto, na mtoto amelala kiti cha nyuma. Kwa hiyo linapozwa kwa maji, linasimamiwa seli kwa seli na ordinateri yake, na halikubali kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Mtu wa mbio fupi anamkosoa mtu wa marathoni kwamba anakimbia polepole.

Kuko fasi moja ambapo sheria yao ya kiwanja iko sawa kabisa, na wauzaji wa magari wamechelewa kuisema wazi: batri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa. Wao wakimaliza kurusha wanairudisha kwenye volti 3.8 kwa seli kabla ya kuiweka kabatini. Leo magari mengi yanakushauri uchaji mpaka asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Ni somo lilelile.

Jambo la tatu linatuhusu sisi wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Fungurume. Mtu wa telekomandi anasoma kwenye pakiti yake volti, mAh, C, gramu na bei. Kobalti haisomi. Seli zile za Roadster zilikuwa za oksidi ya lithiamu na kobalti, na katika oksidi hiyo kobalti ni karibu asilimia 60 ya uzito. Mtu anayepima kila gramu ya waya hajiulizi gramu hizo zilitoka wapi, wakati zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu. Sisemi hivyo ili tulie. Ninasema ni upungufu wa ufundi. Mtu aliyesahau kobalti hakuweza kuona mambo yaliyokuwa yanakuja.

Na wao njo walikuwa wa kwanza kuyashika mkononi! Kampuni ya Marekani A123, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilitengeneza seli za fosfati ya chuma na lithiamu, bila hata gramu moja ya kobalti. Zikaingia ndani ya mashine za kutobolea za DeWalt za volti 36. Watu wa telekomandi wakanunua pakiti za mashine hizo, wakazivunja, wakatoa seli, wakaweka mu ndege zao. Pikipiki ya mbio KillaCycle ilizitumia, na mwaka 2007 ikamaliza robo maili chini ya sekunde 8. Lakini seli hizo ni nzito kidogo na zinatoa volti 3.3 tu badala ya 3.7, kwa hiyo wengi waliziacha wakarudi kwa zile laini za kobalti. Kwa ndege, uamuzi mzuri. Wakakata shauri kwamba kemia hiyo ni ya pili, na hapo walikosea kabisa. A123 ilifilisika mwaka 2012, ikanunuliwa na Wanxiang wa China, na China iliendelea na kemia ile. Mwaka 2020 BYD wakatoa batri yao ya Blade. Katika miezi 3 ya kwanza ya 2022, karibu nusu ya magari yaliyotengenezwa na Tesla yenyewe yalikuwa na batri za fosfati. Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Asifikiri mtu kwamba walimwonea huruma mtoto wa Kolwezi.

Sasa geuza macho kwetu. Mu mijadala yetu, hata hapa kwenye ukurasa wa chama, tunasimulia batri kwa sentensi moja: dunia haiwezi kuendelea bila kobalti ya Kongo. Sentensi hiyo ina ugonjwa uleule wa watu wa telekomandi, ila kwa upande mwingine. Wao wanaona batri bila udongo, sisi tunaona udongo bila batri. Februari 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti inchini juu bei ilikuwa imeanguka, ikarefusha, na kuanzia Oktoba ikaweka kota. Mtu anaweza kuunga mkono ao kupinga, lakini hawezi kujadili vizuri kama hajui kwamba mnunuzi ana kemia ingine mkononi, yenye bei ndogo, ambayo inafanya kazi.

Ujuzi ule wa kushika seli haukosekani kwetu. Uko kwa mafundi wa kartiye. Wanafungua batri ya ordinateri iliyokufa, wanachagua seli zinazopumua bado, wanaziunganisha, wanatengeneza taa ya kusomea usiku wakati umeme umekwenda. Kwa tendo lenyewe, hawako mbali na waliounda tzero ya 2003: seli za ordinateri, kazi nyingine. Wanachokosa ni kipimo kizuri, chaja inayosimama yenyewe, na mtu wa kukaa nao na daftari. Mtu huyo alitakiwa kuwa mmoja wetu. Lakini tunapita mbele ya meza yake na TFC yetu ya kurasa 60 juu ya « mnyororo wa thamani », tunamuita mwenye kubomoa vitu.

Kwa anayetaka kuanza leo, hii hapa hesabu ndogo, na haihitaji maabara. Chukua multimeta ya sokoni. Pima seli ya lithiamu mara tu inapotoka kwenye chaja, imejaa. Ikionyesha karibu volti 4.2, mara nyingi kobalti imo, kidogo ao mingi, na inawezekana ilipita Kasumbalesa ndani ya mfuko. Ikionyesha karibu 3.6, halafu ishuke yenyewe na kukaa kwenye 3.3 ao 3.4, hiyo ni fosfati, hatumo ndani yake hata gramu. Anza na taa za solaire za nyumbani kwenu.