Intakula: Pima Uso Kabla ya Unene

Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, intakula, kipoza cha hewa inayotoka kwenye turbo, huuzwa kwa macho. Muuzaji huiinua kwa mikono miwili mnunuzi auone uzito, na ile nene kuliko zote ndiyo huondoka kwanza. Mimi naanza na futi kamba. Napima upana na kimo cha sehemu yenye mapezi tu, bila matangi ya pembeni, kwa sababu hapo ndipo upepo wa barabarani unapoingia. Kisha naenda kwenye gari kuangalia ni kiasi gani cha uso huo kitakachobaki wazi. Sehemu itakayokaa nyuma ya chuma cha bampa au kibao cha namba usiihesabu.

Unene unasaidia, lakini faida yake huisha mapema. Upepo hupata joto kadiri unavyopenya katikati ya mapezi. Ukifika sentimita za mwisho umeshapashwa na haupozi tena chochote cha maana. Halafu upepo huohuo wa moto unakwenda kuikuta rejeta. Kama una nafasi ya kuongeza, ongeza kimo au upana.

Chukua Subaru Impreza WRX ya lita 2.0, gari ambalo vijana wengi wa kwetu wamejifunzia mambo ya turbo. Dar es Salaam, hewa ya nyuzi 30, turbo inasukuma bar 1. Hewa hutoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 125 hivi. Intakula inayofanya kazi kwa asilimia 70 huishusha hadi karibu nyuzi 60, na kwa shinikizo lilelile hewa hiyo inakuwa nzito kwa takriban asilimia 20. Nguvu zinatoka hapo. Usalama wa pistoni nao unatoka hapo, maana hewa ya moto huifanya petroli ijiwashe yenyewe na injini ikaanza kugonga.

Lipandishe gari hilo Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Wengi hudhani baridi ya huko inaipunguzia intakula kazi. Lakini hewa ya Nairobi ni nyepesi, na turbo inalazimika kuikaza zaidi ili geji isome bar 1 ileile. Hata siku ya nyuzi 24, hewa hutoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 130 hivi, na inayotegemewa kuipoza ni hewa hiyohiyo nyepesi ya nje. Ndiyo maana mtu wa Nairobi anayetaka nguvu sawa na za mwenzake wa Mombasa namshauri achukue uso mkubwa kidogo.

Swali linalofuata ni la mahali. Subaru waliiweka WRX intakula yake juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Mitsubishi Lancer Evolution inayo mbele, nyuma ya bampa. Ya juu ina njia fupi na hujibu mguu upesi, ila kwenye foleni joto la injini hupanda moja kwa moja na kuikaanga. Kwa mtu ambaye hajapandisha sana busti, yaani shinikizo la turbo, naona intakula ya juu ya WRX STI, iliyo kubwa kuliko ya WRX ya kawaida, inamfaa kuliko dude la mbele litakaloziba kondensa ya AC na rejeta. Nguvu zikizidi kwa mbali zile za kiwandani, hapo hamishia mbele bila kusita.

Tena angalia barabara zako. Ukilipita lori kwa sekunde chache, uzito wa alumini peke yake hunyonya joto kabla halijafika kwenye injini, na hapo kiini kizito hushinda. Mlima Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu unapoupanda ni kazi ya dakika nyingi, mwendo mdogo, turbo inasukuma. Alumini inashiba joto, na kinachokuokoa ni upepo unaopita kwenye uso.

Ndani ya intakula kuna jambo ambalo wanunuzi hawaliulizi. Kila nguvu farasi 100 za injini ya petroli hutaka takriban kilo 4.5 za hewa kwa dakika, na yote ipite katika vinjia vyembamba. Vinjia vingi vifupi hupitisha kwa urahisi. Vichache virefu hukaba, hata kama uso kwa nje ni sawa. Muuzaji akikwambia yake inabeba farasi 400, muulize ikifika hapo inapoteza shinikizo kiasi gani. Fundi mzuri hufunga geji mbili, moja kabla ya intakula na moja baada yake, kisha anakanyaga mafuta hadi mwisho. Tofauti ya bar 0.1 ni nzuri. Ikifika 0.2, turbo inajichosha na kuzalisha joto lilelile unalojaribu kulitoa. Ukabaji huu ndio wa kuogopwa kuliko ule uchelewaji wa turbo unaosemwa vijiweni: lita chache za ziada za hewa ndani ya paipu hujaa katika sehemu ndogo ya sekunde.

Ukinunua mtumba, pitisha kidole kwenye mshono ambapo tangi la plastiki limebanwa na alumini. Hapo ndipo panapoachia busti ikipandishwa. Utando mwembamba wa mafuta ndani ni wa kawaida. Mafuta yanayochuruzika mara nyingi yanamaanisha turbo ya gari ilikotoka ilikuwa imechoka. Itikise karibu na sikio, kisha igonge kwenye karatasi nyeupe: chembe za chuma zikidondoka, iache, hata wakikupa bure, kwa kuwa turbo ilivunjikia humo na hakuna kuosha kutakakozitoa zote. Iliyobaki izibwe mdomo, ijazwe upepo wa bar 1 na kupakwa povu la sabuni.

Ikishafungwa, tafuta kilima kisicho na magari, gia ya tatu, ukisoma joto la hewa inayoingia kwenye injini. Rudia palepale mara ya pili na ya tatu. Likipanda nyuzi 15 au 20 juu ya hewa ya nje na kutulia, umepata saizi yako. Likiongezeka kila mara, usikimbilie kununua kubwa zaidi: ziba kwanza kwa sponji nafasi zote pembeni mwa intakula, maana upepo hupita penye wepesi, kisha upime tena.