Ugomvi Uko Pembeni

Kioo cha bafuni hakizeekei usoni. Kinaanza kuliwa pembeni: madoa meusi kama ya wino huko chini karibu na sinki, kisha utepe wa kahawia unaotambaa kuelekea katikati, hadi siku moja mgeni anatoka kunawa mikono na kuuliza kwa upole kama kile kioo mlikikuta na nyumba. Pale katikati unapojitazama bado ni safi, hapana hata mkwaruzo. Lakini nani anatazama katikati wakati kingo zimeoza? Wengi wetu hukibandua, tukakitupa, tukanunua kingine cha aina ileile, nacho kikaanza kuliwa palepale.

Maseremala wa Keko, Dar es Salaam, wana jibu jingine. Keko inajulikana kwa vitanda, makochi na makabati yanayopangwa hadi kandokando ya barabara, na kioo cha bafuni si kazi ya kumtajirisha mtu pale. Ndiyo maana kinaangukia kwa fundi mwenye subira, aliyekaa nyuma ya karakana, mwenye randa, patasi na msumeno wa meno madogo. Yeye hakibadilishi kioo. Anakuja kwako na futi kamba, anapima, anaondoka, na akirudi anakivika fremu ya mbao kikiwa hukohuko ukutani. Madoa yanafunikwa na mbao, kioo kinaonekana kipya, na mara nyingi umetumia pesa kidogo kuliko bei ya kioo chenye fremu cha dukani. Kazi hii ndogo naihusudu kuliko makochi yote ya barabarani.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa. Kinachokuonyesha sura yako si kioo, ni madini ya fedha yaliyolazwa mgongoni mwake, tabaka jembamba kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kulishinda mara mamia. Mbele fedha inalindwa na kioo, nyuma inalindwa na rangi. Ukingoni, pale fundi vioo alipopitisha almasi akavunja, imebaki uchi. Maji yanayotiririka usoni hushuka na kukaa kwenye ukingo wa chini. Dawa za kusafishia zenye amonia hupenya hapohapo. Na sisi tunaooga maji ya kisima yenye chumvi, tena karibu na bahari, tunauongezea ukingo huo adha nyingine kila asubuhi.

Watu wa zamani hawakuacha kingo wazi, kwa sababu hawakuwa na kioo cha kuchezea. Mafundi wa kisiwa cha Murano, huko Venice, walilinda siri ya vioo vyao kwa wivu mkubwa, na Ufaransa ikaanzisha kiwanda chake mwaka 1665 ili iache kuvinunua kwao. Vioo 357 vya ukumbi maarufu wa Versailles si vipande vikubwa hata kidogo. Vimepangwa kimoja kando ya kingine kwa sababu kikubwa hakikupatikana kirahisi. Mgongoni vilipakwa bati na zebaki, na mvuke wa zebaki uliwaharibia afya mafundi waliovitengeneza. Fedha ilikuja baadaye, baada ya mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, kugundua mwaka 1835 jinsi ya kuifanya itulie juu ya kioo. Huku kwetu Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kuhusu vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya kupamba vyumba vya Unguja. Kitu cha thamani hiyo hakiendi ukutani bila fremu.

Kilichoiondoa fremu ni urahisi. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Pilkington ya Uingereza iligundua namna ya kumwaga kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka, kikaelea na kutoka kimenyooka pande zote mbili bila kusuguliwa. Vioo vikashuka bei, vikaingia bafu la kila mtu, vikashikiliwa ukutani na vibanio vinne vya plastiki. Silalamiki, kwani bila hivyo wengi wetu tungenyoa ndevu kwa kupapasa. Ila ukingo ulibaki bila mlinzi.

Turudi Keko. Fundi anayeijua kazi haanzi na mbao mpya. Anazunguka kwa wenzake wanaotengeneza milango na madirisha, anaokota mabaki: kipande cha mninga cha urefu wa mkono, kingine kidogo zaidi. Ubao wa futi mbili haumfai mtengeneza kitanda, lakini ndio upande mzima wa kioo chako. Mninga anaupenda kwa sababu hautanuki na kusinyaa ovyo unyevu unapopanda na kushuka. Paini, ile ya mashamba ya Sao Hill, ni nafuu na inakubali rangi vizuri, ila bafuni anakuambia wazi kwamba lazima ipakwe pande zote, mbele na nyuma, la sivyo itajikunja. Wapo wanaotaka fremu za mbao za majahazi yaliyochakaa, kama zinazouzwa Lamu na Unguja, zenye mabaki ya rangi ya bluu na nyekundu. Ni nzuri, sikatai. Lakini bei yake ni ya watalii, na mimi naongea na mwenye bajeti.

Uzuri wa fremu uko kwenye kona. Vipande viwili vinakatwa kwa digrii 45 kila kimoja, vikikutana vifanye pembe mraba. Kwa maneno ni rahisi. Msumeno ukipotea nusu digrii, kosa linajirudia kwenye kona zote nne, na ile ya mwisho inaachama. Fundi mvivu anajaza pengo kwa unga wa mbao na gundi, anapitisha msasa, anapaka vanishi ya rangi ya giza. Mzuri anarudi kwenye kisanduku cha kukatia kona na kunyoa kidogokidogo. Kisha anapima fremu kutoka kona hadi kona, kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili visipolingana, fremu imekaa upande, na bafu lenye marumaru zilizopangwa kwa mistari litamsuta kila siku.

Kuna jambo moja ambalo asiyewahi kulifanya hawezi kulikisia. Fremu ikilazwa juu ya kioo, kioo kinauakisi mgongo wake. Fundi huweka ncha ya penseli juu ya kioo ili kuona: kati ya ncha na kivuli chake kuna nafasi, na kadiri kioo kilivyo kinene ndivyo nafasi hiyo inavyokuwa kubwa. Katika nafasi hiyo utauona ukingo wa ndani wa ubao upande wa nyuma, mweupe, mbichi, bila rangi, kama hakuupaka. Kwa hiyo anageuza fremu kifudifudi na kupaka vanishi sehemu ambayo mteja angeapa haionekani. Hapo ndipo ninapompima fundi. Usimuulize amejifunza wapi. Tazama kama amegeuza.

Gundi nayo ina siri yake. Silikoni inayonuka siki, ile iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaweza kuila fedha ya kioo. Fundi anayejua huomba ile isiyonuka siki hata kama ni ghali kidogo, anaipaka kwa matone, anabandika fremu na kuifunga kwa utepe hadi kesho yake. Pale chini huacha nafasi ndogo bila gundi, maji yakipenya yapate pa kutokea. Fundi mmoja mtu mzima wa pale ana msemo wake kwa wateja wanaohangaikia uso wa kioo: “Dada, kioo hakina ugomvi. Ugomvi uko pembeni.”

Siku hizi kinachoombwa sana ni taa za utepe nyuma ya kioo, kama zile za hotelini. Mzee huyo hakatai, ila hagusi waya karibu na maji. Anachonga mfereji mgongoni mwa fremu, upana wa kidole, anaupaka rangi kama sehemu nyingine, halafu anakwambia umtafute fundi umeme, na umwambie mapema mfereji uko upande gani asije akatoboa mninga.